Mhadhiri wa Alama Moja

Nilikuwa nimekaa chini kwenye vumbi la Oldonyo Sambu, mkono wangu wa kulia umefungwa kanga ya mwanamke nisiyemjua, na kanga ilikuwa imeshaloa. Mashine ilikuwa imezimwa. Mabua ya mahindi niliyokuwa nikiilisha yalikuwa bado yametokeza mdomoni mwake. Wakulima waliokuja kuiona ikifanya kazi walikuwa wamerudi nyuma, wengine wameshika watoto wao mabegani. Mhadhiri alisimama kati yangu na wanafunzi wake, akauliza bila kupandisha sauti:

"Nani alitakiwa kufunga bamba la mdomoni?"

Wanafunzi wa kundi la nne walikuwa watatu pale. Walitazamana. Kisha yule binti, Restituta, akajibu.

"Kundi, Mwalimu."

"Nani katika kundi?"

"Kundi la nne, Mwalimu. Wote."

Watu huniuliza kama maumivu ndiyo yalikuwa mabaya kuliko yote. Hapana. Maumivu yalinikuta njiani kuelekea hospitali, nikiwa nyuma ya pikapu. Kibaya kuliko vyote ni lile jibu, maana nilimwona Mhadhiri akilipokea. Jibu lile alilifundisha yeye. Vidole vyangu vitatu vilikuwa kwenye mabua, na yeye hakuwa na swali jingine.

Mimi nilikuwa mhudumu wa karakana katika chuo chetu. Chuo kimeshabadilishwa jina mara mbili, kwa hiyo jina halitasaidia mtu. Kilianza kama chuo cha ufundi, kikafanywa chuo kikuu kishiriki miaka ile kila kitu kilipofunguliwa, watu binafsi wakaruhusiwa kufungua vyuo, na viwanda vya umma vikauzwa. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba na mtoto mmoja mgongoni. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kutoa vifaa asubuhi na kuvipokea jioni. Mhadhiri alinikuta pale, akaniita Mama Upendo kwa jina la mtoto wangu tangu siku ya kwanza. Wahadhiri wengine waliniita "wewe dada wa stoo". Hilo naliandika kwa sababu ni haki yake.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, anatembea kichwa kimetangulia mbele kama anayepita mlango mfupi. Koti lake la bluu la karakana lilikuwa na mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na kazi yake. Ole wako umwombe rula ukaitafuta mwenyewe mfukoni mwake. Chai alijitengenezea. Alipokuwa mgeni nilimpelekea kikombe, akanishukuru, akakiweka dirishani, akaenda kuchemsha chake. Alikula ndizi za kuchemsha peke yake ndani ya stoo yangu, mlango umerudishwa, amekaa juu ya kasha la boliti. Ndiye huyohuyo aliyekuwa akitoka mle, anajipangusa midomo, anaingia darasani na kuwaambia vijana mtu hawezi kufanya lolote peke yake.

"Mwalimu," nilimwambia siku moja, "mbona wewe huli na wenzako?"

"Wenzangu wanaongea sana, Mama Upendo."

"Na wanafunzi unawalazimisha waongee."

"Wao bado ni vijana. Mimi nimeshaharibika."

Alisema hivyo akicheka, lakini kuharibika kwake kulikuwa na historia. Alikuwa fundi mkuu katika kiwanda kimoja cha umma, na alikuwepo siku mnunuzi alipokuja kukikagua. Kisa hicho alikirudia kila mwaka kwa wanafunzi wapya, nami nilikisikia kupitia dirisha la stoo mpaka nikakijua. Mnunuzi aliuliza ni nani anayeijua mashine yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kila mtu alijua kona yake, na kona ya jirani yake hakuwahi kuigusa. Walirudishwa nyumbani karibu wote. Mhadhiri akaja kufundisha, na wazo lake lilikuwa hilo moja tu: watu wafundishwe kushika kazi pamoja, nzima.

"Kaka zenu walimaliza chuo wakasubiri barua ya serikali ya kuwapangia kazi," aliwaambia. "Ninyi hamna barua. Mtakwenda kwa mtu binafsi. Hatakuuliza ulipata alama ngapi za hesabu. Atakuuliza umeshafanya kazi na watu gani, na mlipogombana mlifanyaje. Utajibu nini?"

Anafungua daftari lake.

"Haya. Tutagombana hapa, ili mkifika kule muwe mmeshazoea."

Kugawa makundi kulikuwa na utaratibu wake. Wanafunzi walikuwa na tabia ya kujikusanya kwa kwao na kwa kusali: Wachaga wa Machame pamoja, Wameru pamoja, wa kwaya ya Kilutheri huku, Wakatoliki kule. Yeye alipita na daftari, anauliza kila mtu, "Kwenu wapi? Unasali wapi? Ulisoma sekondari na nani humu?" Vijana walidhani anataka kuwaweka na ndugu zao, wakajibu kwa furaha. Akimaliza anawatenganisha wote. Halafu swali la mwisho:

"Nani humu anajua kupika?"

Wanacheka. Yeye hacheki. Kila kundi lazima liwe na mpishi mmoja, maana mradi ulichukua muhula mzima na walitumwa kwa wakulima, siku nyingine kutwa nzima. Alisema kundi lenye njaa huvunjika siku ya tatu. Sijui alipata wapi hesabu hiyo, lakini niliona kundi lililodanganya kuwa lina mpishi likirushiana spana.

Kanuni zilikuwa mbili. Ya kwanza, alama ni moja kwa kundi zima. Ukilala, wenzako wamelala. Ya pili, ripoti ya mradi iwe na ukurasa wa mwisho wenye orodha ya kila kipande cha kazi, jina la aliyekifanya, na saini yake. Saini moja ikikosekana, kundi zima sifuri. Hakuna kubembeleza. Niliona wasichana wakilia pale mlangoni, na mvulana mmoja mnene akapiga magoti kabisa. Mhadhiri akampita na kikombe chake cha chai.

Hata kibao changu cha vifaa alikibadilisha. Zamani kila mwanafunzi alikuwa na kibati chenye namba yake. Akichukua spana, kibati kinaning'inia kwenye msumari wake, jioni najua nani anadaiwa. Mhadhiri akataka kibati kimoja kwa kundi.

"Spana ikipotea, Mwalimu, nimuulize nani?"

"Uliza kundi."

"Kundi nyumbani kwao ni wapi, nikalitafute?"

Alicheka hadi akakohoa. Akaenda kuwahadithia wahadhiri wenzake, na wiki nzima nikaitwa profesa. Lakini vibati vikabadilishwa. Mwaka ule tulipoteza vifaa kuliko miaka yote, na kila nilipouliza nilijibiwa kwa adabu kabisa kwamba kundi litalifanyia kazi.

Sitaki kusema hakufundisha. Alifundisha. Restituta alikuja kutoka Rombo hawezi kuomba hata msumeno, anausonta kwa kidole. Mwisho wa mwaka wa tatu niliwahi kumkuta sokoni Kwa Mrombo anabishana na wauza mabati watatu kwa mpigo, na wao ndio waliochoka. Walikuwa wakija waajiri siku za maonyesho: meneja wa shamba la maua, wenye gereji za magari ya watalii. Walimvuta Mhadhiri pembeni. "Nipe mmoja mzuri." Yeye anajibu, "Wazuri hawako mmojammoja. Waangalie wakifungua gurudumu." Na kweli waliangalia, na vijana wengi waliondoka pale na kazi mkononi wakati wale wa vyuo vingine walikuwa wanazunguka mjini na bahasha za kaki. Mama zao walimletea Mhadhiri kuku. Kuku alipokea, akampa mlinzi.

Ila yeye mwenyewe hakuweza kukaa kikao. Kanisani alitoka kwaya kwa sababu, alisema, sauti ya pili walikuwa wavivu. Kwenye vikao vya idara alifika amechelewa, akakaa karibu na mlango. Pikapu ya chuo aliiendesha yeye tu, na funguo zake alizilaza mfuko wa juu kushoto. Niliwahi kumwambia kuwa yeye kundi lake lina mtu mmoja. Akasema, "Na hata huyo mmoja tunagombana."

Nilimpenda mzee yule. Ndiyo maana naandika kwa utaratibu.

Kundi la nne lilikuwa na watu wanne: Restituta katibu, Elia, Hamisi ambaye ndiye alikuwa mpishi, na Godlisten. Baba yake Godlisten alikuwa na duka la vipuri mjini, na kijana alikuwa msemaji mzuri, nguo safi hata akitoka kuchomelea. Mradi wao ulikuwa mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kule kwetu Meru tunafuga ng'ombe ndani, tunawakatia migomba kwa panga. Kule Oldonyo Sambu ni kukavu zaidi, wana mabua. Mashine ilikuwa ya kukata vyote viwili. Ilikuwa na visu vitatu vinavyozunguka, na mbele yake mdomo wa kupitishia majani. Mdomo ule ulitakiwa uwe na bamba refu, limekunjwa kama mfereji na kufunikwa juu, ili mkono wa anayelisha uishie mbali na visu. Kipande hicho kilikuwa cha Godlisten. Kwenye orodha kiliandikwa kwa jina lake.

Alilikata bamba, akalikunja, na alilikunja vizuri. Hakulifunga. Wiki ile ya mwisho alikuwa anakwenda na kurudi mjini kutafuta kazi kwenye gereji moja kubwa.

Siku ya kukabidhi ripoti, Restituta alikaa kwenye meza yangu ya stoo kukusanya saini. Elia akasaini, Hamisi akasaini. Godlisten hayupo. Saa za kukabidhi zilikuwa zinaisha.

"Anasemaje huyo mwenzenu?" nikauliza.

"Yuko kwenye usaili, dada. Akipata, si tumepata wote?" Hamisi alisema.

"Na bamba ameshalifunga?" Elia akauliza.

"Alisema atalifunga kesho kabla hatujapakia," Restituta akasema. "Hatutapata sifuri kwa ajili ya kesho." Akanigeukia. "Dada, naomba kalamu yako. Hii yangu ya bluu nimeshaitumia kwenye jina langu."

Nikampa. Akamsainia Godlisten kwa kalamu yangu nyeusi, polepole, ameinamisha kichwa, mkia wa herufi ya mwisho umepinda kama wa mwenyewe. Alikuwa ameshaufanyia mazoezi. Nami nilisimama pale nikawaza: hawa wamependana. Mhadhiri amefanikiwa.

Hilo ni langu, nalitaja. La pili pia ni langu. Asubuhi ya safari nilifagia karakana, nikakuta bamba limeegemezwa chini ya meza ya kuchomelea. Nililiona. Nikadhani ni la kundi jingine, maana kibati kilikuwa kimoja kwa watu wanne na sikujua nimuulize nani. Nikafagia pembeni yake.

Godlisten hakuja kupakia. Mhadhiri aliisoma orodha tumeshasimama kwenye uwanja wa chuo, akaona saini nne, akaikunja akaiweka mfukoni. Mashine hakuinama kuitazama. Mtu aliyekuwa hamwamini mwenzake kumtengenezea chai aliiamini saini.

Tulipofika, ikaonekana wa kulisha mashine ndiye Godlisten, kwa mpango wao. Elia alishika injini, Hamisi alipokea majani upande wa pili, Restituta alikuwa anawaeleza wakulima kwa kipaza sauti. Mhadhiri akaniambia, "Mama Upendo, hebu wasaidie, wewe umeshakata majani maisha yako yote." Nikasaidia. Na kweli nilikuwa nimekata majani maisha yangu yote, kwa panga, ambapo unasukuma mkono mpaka mwisho.

Godlisten alipata ile kazi. Baadaye Hamisi alinisimulia, amelewa kidogo na amejuta kidogo, kwamba usaili uliendelea siku ya pili, ileile ya safari yetu, na hapo aliulizwa ameshafanya kazi na watu gani, akawaeleza jinsi alivyoongoza kundi la wanne kutengeneza mashine ya wakulima. Saa hiyohiyo aliyokuwa anaeleza, mimi nilikuwa chini.

Leo ana gereji yake mwenyewe. Mimi niliachishwa kazi nilipotoka hospitali, sasa nauza ndizi Kwa Mrombo, nimejifunza kuzifunga kwa mkono wa kushoto na kidole gumba cha kulia. Aliwahi kupita. "Shikamoo mama," akasema, kisha macho yakashuka mkononi, yakapanda haraka. Akanunua mkungu mzima wala hakuuliza bei mara mbili. Akaondoka ameubeba begani na shati jeupe.

Nilikuwa nimekubali kuishi hivyo. Kisha chuo kilipobadilisha jina mara ya pili, wahudumu wa zamani tuliitwa kuchukua mafaili yetu. Nikakaa kwenye ngazi za ofisi, nikasoma langu, silabi kwa silabi maana nilikuwa na hofu. Kulikuwa na ripoti ya kamati ya ajali. Ukurasa mmoja. Iliandikwa: "Ajali ilisababishwa na uzembe wa mhudumu, aliyelisha mashine bila kuagizwa." Chini yake saini tano. Ya nne ilikuwa ya Mhadhiri. Niliijua kabla sijasoma jina.

Bila kuagizwa. Miaka yote hiyo nilifikiri nimefukuzwa kwa kuwa sina vidole.

Nikapanda kwake juu, kwenye migomba na kahawa, anakoishi tangu astaafu. Nilimkuta anapogoa mibuni, koti ni lilelile la bluu, limekuwa jeupe mabegani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ah! Mama Upendo. Karibu, karibu. Upendo hajambo?"

"Hajambo. Anafundisha shule ya msingi Moshono."

"Safi sana. Ngoja nichemshe chai."

Akachemsha mwenyewe. Safari hii akanimiminia na mimi, tukakaa kwenye benchi la nje. Nikatoa karatasi. Hakuisoma. Aliitambua kwa mbali, kama mtu anavyomtambua mtu anayemdai.

"Mwalimu, ni nani aliyeniambia nilishe mashine?"

"Mimi."

"Hapa pameandikwa sikuagizwa."

"Najua." Aliweka kikombe chini. "Niliikataa ile sentensi siku mbili. Mkuu wa idara ndiye aliyeiandika, ameshafariki. Siku ya tatu akasema ripoti ikikosa saini ya mjumbe mmoja haipokelewi, na wanafunzi wote wa mwaka ule hawatahitimu mpaka jambo liishe."

"Kwa hiyo saini zote, au sifuri."

Alitazama mibuni yake.

"Ndiyo," akasema. "Hivyo."

"Basi niandikie barua. Useme ni wewe uliyeniagiza, na bamba halikufungwa."

Hapo nikamwona anachangamka, mzee wa watu, akasogea mbele ya benchi kama darasani. "Tufanye vizuri," akasema. "Nitamtafuta Restituta, nasikia yuko Moshi. Godlisten namba yake inapatikana. Elia na Hamisi pia. Tukae wote, tuandike barua moja, tusaini wote. Itakuwa na uzito. Barua yangu peke yangu itasaidia nini?"

"Wasipokuja?"

"Watakuja. Niliwalea."

"Wasipokuja, Mwalimu?"

Akachukua vikombe viwili, changu kikiwa bado na chai, akaingia navyo ndani. Nilisikia maji. Aliporudi, aliniambia nimpe muda. Akanifungia ndizi mshale, zile za kupika, akanisindikiza hadi barabarani, tukaagana vizuri.

Tangu siku hiyo kahawa imechumwa mara mbili.

Godlisten, bamba lilikuwa lako, na jina liko kwenye orodha. Restituta, saini ni mkono wako na kalamu ni yangu. Elia, uliuliza kama limefungwa, ukajibiwa, ukawasha injini. Hamisi, wewe ulinisimulia mimi, nenda kawasimulie waliolifunga faili. Mimi nimeshasema yangu hapo juu, sikusubiri mtu wa kusema nami.

Na wewe, Mwalimu, najua utasoma hii, Upendo atakuletea mkononi. Hao usiwasubiri. Umeona nimewataja wote, ila jina lako sijaliandika popote. Nimekuachia. Chukua karatasi, kaa pale kwenye benchi bila mtu mwingine, andika nani aliniagiza siku ile, kisha liandike jina lako mwenyewe chini yake, uipeleke chuoni kwa miguu yako. Nakupa mpaka kahawa hii iliyoko mtini iive.